Laini mbili za umeme, kituo kimoja cha afya: kwa nini haziunganishwi tu?

Kwa ufupi

- Laini ya kilovolti 33 na laini ya kilovolti 11 haziunganishwi waya kwa waya. Lazima transfoma ikae katikati.
- Kituo cha afya kinaweza kutumia laini zote mbili, lakini kwa zamu, si kwa wakati mmoja.
- Laini ya pili inasaidia nguzo ikianguka. Haisaidii gridi ya Taifa ikizimika.
- Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Ukisafiri barabara ya Bagamoyo usiku ambao umeme umekatika, kuanzia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege hadi Zinga, kuna mahali utaona upande mmoja wa barabara ni giza na upande wa pili taa zinawaka. Kama ndugu yako yuko leba kwenye kituo kilicho upande wa giza, swali linakuja lenyewe: kwa nini wasivute waya kutoka kule kwenye mwanga?

Swali hili huulizwa kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, na huulizwa kwa uchungu. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, si fundi umeme. Lakini kazi yangu inategemea umeme, kwa hiyo nimelazimika kulielewa jibu. Nakueleza hapa kwa lugha ya kawaida, ili siku kituo chenu kitakapopanga umeme wa dharura nawe uweze kuuliza maswali yanayofaa.

Umeme upo, mbona bado unakatika?

Unakumbuka mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Wakati ule tatizo lilikuwa uzalishaji: umeme uliozalishwa haukutosha nchi nzima. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuingiza umeme kwenye gridi. Kufikia 2025 mitambo yote 9 ilikuwa imekamilika. Kila mmoja una megawati 235, jumla 2,115.

Hiyo ni habari njema, lakini bwawa linatatua tatizo la chanzo tu. Kati ya bwawa na jokofu la chanjo la kituo chako kuna safari ndefu. Umeme unasafirishwa kwa msongo mkubwa hadi kituo cha kupoza umeme. Hapo unashushwa kuwa kilovolti 33, na sehemu nyingine unashushwa tena kuwa kilovolti 11. Kisha transfoma ya nguzoni inaushusha hadi volti 400 kwa umeme wa njia tatu, au volti 230 kwa njia moja. Huo ndio unaoingia nyumbani kwako.

Kila laini inayotoka kituo cha kupoza umeme na kwenda kuhudumia eneo fulani mafundi huiita fida. Fida ikipata hitilafu, eneo lake lote linazimika, hata kama bwawa limejaa hadi pomoni.

Huku kwetu pwani fida zina maadui wengi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi hukaa kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya, na manyunyu ya kwanza yakishuka umeme hupita juu ya ule utando na kuruka cheche. Kutu hula vyuma haraka kuliko bara. Makuti na matawi ya miembe na mikorosho huangukia nyaya. Wakati wa masika nguzo husimama kwenye udongo uliolowa na kulegea. Ndiyo maana mgawo unaweza kwisha na giza likaendelea kubisha hodi.

Kwa nini laini mbili haziunganishwi tu?

Kuna sababu tatu. Zifuate moja baada ya nyingine.

*Kwanza, msongo haulingani.* Kilovolti 33 ni mara tatu ya kilovolti 11. Chukua transfoma iliyotengenezwa kwa kilovolti 11 uiunganishe na laini ya 33. Badala ya kutoa volti 230, itajaribu kutoa karibu 690. Kabla hujafika kwenye swichi, taa, jokofu na mashine ya oksijeni vimeshaungua, na huenda transfoma yenyewe imeshalipuka. Kinyume chake, transfoma ya 33 ukiilisha kilovolti 11 itatoa volti 77 hivi. Taa zitawaka kama mshumaa, na mota ya jokofu itahangaika kuzunguka bila kuweza, mpaka nayo iungue kwa joto. Tena vikombe, nyaya na nafasi kati yake kwenye laini ya 11 havikujengwa kuhimili 33.

*Pili, hata msongo ukilinganishwa, mawimbi yanaweza kupishana.* Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Fikiria wapiga makasia wawili katika mtumbwi mmoja. Wakivuta pamoja, mtumbwi unakwenda. Mmoja akichelewa, makasia yanagongana.

Transfoma nyingi za njia tatu huusogeza umeme kidogo mbele au nyuma zinapoupitisha. Mafundi hupima kusogea huko kwa mfano wa uso wa saa. Ukisoma bamba la transfoma nyingi za nguzoni utakuta herufi Dyn na namba 11. Maana yake upande wa chini umesogea hatua moja ya saa, kutoka 12 hadi 11. Hatua moja ni nyuzi 30. Umeme uliopita kwenye transfoma moja zaidi, kutoka 33 kwenda 11 na kisha kwenda 400, unaweza kuwa umesogea hatua moja zaidi ya ule ulioshuka moja kwa moja kutoka 33.

Basi una nyaya mbili, na ukizipima kila moja inasema volti 230. Zinaonekana sawa. Lakini kama zimepishana nyuzi 30, kati ya waya huu na ule kuna tofauti ya volti kama 119. Ukizigusanisha, tofauti hiyo yote inasukuma umeme kwenye nyaya zisizo na kizuizi cha maana. Matokeo yake ni mlipuko.

*Tatu, umeme hurudi nyuma.* Tuseme mawimbi yamelingana na laini zote mbili zimeunganishwa kituoni kwenu moja kwa moja. Sasa laini ya 33 ikipata hitilafu na kuzimwa, umeme wa laini ya 11 utapita kituoni, utaingia kwenye transfoma ya 33 kwa upande wa chini na kupandishwa. Transfoma haichagui upande. Volti 400 zikiingia chini, volti 33,000 zinatoka juu, yaani mara 82 na nusu. Na juu ya nguzo yupo fundi aliyeambiwa laini imezimwa.

Hapa ndipo suala la umeme linapokuwa suala la afya kwa njia nyingine kabisa. Tunatafuta umeme wa kumwokoa mama leba, na tusipokuwa makini tunamuua baba wa watu nguzoni.

Basi laini ya pili inawezekanaje?

Inawezekana, na kuna njia zinazojulikana.

1. Fida mbili za msongo mmoja kukutana kwenye swichi iliyo wazi. Fida mbili za kilovolti 11, au mbili za 33, zinafika mahali pamoja lakini swichi kati yake inabaki wazi siku zote. Fida moja ikiharibika, mafundi wanatenga sehemu mbovu kisha wanafunga swichi ili fida nzima ilishe iliyokatika. Hii ni kazi ya TANESCO, na wote walio kwenye laini hiyo wanafaidika.

2. Transfoma ya 33 kwenda 11 kati ya fida mbili. Ikiwa fida zina misongo tofauti, lazima transfoma ya kati iwepo, pamoja na vikata umeme vya pande zote mbili na vifaa vya ulinzi. Ni mradi mkubwa. Huenda ukafaa kwa mji au hospitali kubwa, si kwa zahanati.

3. Transfoma mbili za kituo, kukutana upande wa chini kwa zamu. Kituo kinakuwa na transfoma moja kutoka laini ya 33 na nyingine kutoka laini ya 11. Zote zinatoa volti 400. Kisha zinaingia kwenye swichi ya kubadilishia, ile mafundi wanayoiita chenji-ova. Swichi hii ina kufuli la ndani: haiwezi kugusa upande wa pili kabla haijaachia wa kwanza. Mawimbi kupishana si tatizo tena, kwa sababu laini hazikutani hata nukta moja ya sekunde. Na umeme hauwezi kurudi nyuma.

Kwa kituo cha afya kilichobahatika kuwa karibu na laini za misongo miwili, njia ya tatu ndiyo inayoeleweka zaidi. Lakini uliza jambo moja kabla ya kushangilia: hiyo laini ya 11 inatoka wapi? Kama inatoka kwenye transfoma inayolishwa na laini ile ile ya 33 inayowapa umeme sasa, basi mnavuta maji kwenye bomba moja kwa ndoo mbili. Ya 33 ikizimika, zote mbili zimezimika. Laini ya pili ni ya dharura ikiwa tu inatoka kituo kingine cha kupoza umeme, au angalau fida nyingine inayojitegemea.

Laini ya pili haitoshi

Usiku wa kuamkia 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Usiku kama huo, kituo chenye laini mbili, tatu au kumi kiko sawa na kituo chenye moja. Zote zinakunywa kisima kimoja.

Ndugu zetu wa Unguja wanalijua hili kuliko sisi. Umeme wao hutoka huku huku kwetu: unaingia baharini Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, na kuibukia Ras Fumba kwa waya wa kilovolti 132. Hadi 2013 waya ulikuwa mmoja. Mei 2008 ulipata hitilafu na kisiwa kikakaa bila umeme karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikatokea tena, na safari hii giza lilidumu hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama na watu wakahangaika na ndoo.

Mchumi Alfredo Burlando alichunguza kumbukumbu za wodi ya wazazi baada ya giza la 2008. Alichapisha matokeo 2014: watoto waliokuwa tumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo kwa wastani, na alihusisha hilo na kushuka kwa kipato cha familia ambazo kazi zake zilitegemea umeme. Litafakari hilo. Mtoto hakuwa wodini wala kwenye mashine. Alikuwa tumboni, nyumbani, na giza lilimfikia kupitia sahani ya mama yake.

Baadaye Unguja ilipata jenereta za dizeli pale Mtoni, na 2013 waya wa pili wa baharini wenye uwezo wa megawati 100. Pemba nayo tangu 2010 inapata umeme kutoka Tanga kwa waya wake wa kilovolti 33. Angalia mpangilio huo: njia ya pili kwa ajili ya waya kuharibika, na chanzo cha hapo hapo kwa ajili ya pande zote kuzimika. Kituo chako kinahitaji mpangilio huo huo kwa kiwango chake.

Kila hatari na kinga yake

- Nguzo imeanguka au laini ina hitilafu: laini ya pili inayojitegemea.
- Gridi nzima imezimika: sola yenye betri, au jenereta yenye mafuta.
- Sekunde au dakika za kusubiri kubadilisha: betri ndogo kwa taa ya leba na chumba cha upasuaji, silinda ya oksijeni iliyojaa karibu na mashine, na mfuko wa kumpumulisha mtoto mchanga, ambao hauhitaji umeme kabisa.
- Chanjo: jokofu lenye kuta za barafu. Majokofu ya aina hii yenye uwezo wa muda mrefu, kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, hutakiwa kuhifadhi ubaridi angalau saa 20 bila umeme, hata joto la nje likiwa nyuzi 43. Majokofu ya sola yasiyotumia betri hutakiwa kuhimili angalau siku 3 zisizo na jua la kutosha.

Ukiangalia orodha hii utaona kwamba jokofu zuri la chanjo linaweza kuokoa chanjo kwa gharama ndogo kuliko kujenga laini ya pili. Lakini halitamsaidia mtoto anayehitaji oksijeni usiku huu. Ndiyo maana nasema tusigombanie kifaa kimoja. Tuanze na swali: nani ataumia, na baada ya dakika ngapi?

Kinga isiyojaribiwa nayo si kinga. Agosti 2023 Kenya ilipozimika karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi ulikuwa na jenereta, lakini moja ya jengo la abiria haikuwaka, na wasafiri wakakaa gizani. Kama ilitokea pale, inaweza kutokea kwenye banda la jenereta la kituo chochote. Jenereta ijaribiwe kila wiki, ikiwa imebeba mzigo, na iandikwe kwenye daftari.

Maswali ya kupeleka kwenye kamati ya kituo

Kila kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwenye jamii. Mjumbe wako aulize haya:

1. Umeme wetu unatoka fida ipi, ya msongo gani, na kituo gani cha kupoza umeme?
2. Kama tunaahidiwa laini ya pili, inajitegemea kweli au inatoka mlango ule ule?
3. Swichi ya kubadilishia ipo? Ina kufuli la kuzuia pande zote mbili kuwaka pamoja? TANESCO wameikagua?
4. Nani ana ufunguo wa chumba cha swichi saa 8 usiku, na muuguzi wa zamu amefundishwa kuitumia?
5. Mafuta ya jenereta yamo kwenye bajeti, au tunasubiri mchango wa ndugu wa mgonjwa?
6. Tangi letu la maji litatosha muda gani pampu zikisimama? Leba bila maji ni hatari sawa na leba bila taa.

Swali la nne mara nyingi ndilo gumu. Kifaa cha mamilioni kinaweza kulala kwa sababu ufunguo umeondoka na mtu aliyekwenda msibani.

Wewe nyumbani ufanye nini?

*Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani.* Watu hutengeneza waya wenye plagi pande mbili ili kulisha nyumba nzima. Umeme huo hutoka kwa mita yako, unafika kwenye transfoma ya mtaa na kupanda hadi maelfu ya volti. Tumia swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni, au chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta.

*Usiwashe jenereta ndani ya nyumba wala barazani karibu na dirisha.* Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, na wenzako ndani ya nyumba wanalalamika vivyo hivyo, tokeni nje mara moja na mwende kituo cha afya.

*Ukiona waya umeanguka, kaa mbali, angalau mita 10.* Uchukulie kuwa una umeme hata kama mtaa mzima ni giza, maana unaweza kuwashwa wakati wowote, au jenereta ya jirani ikawa inaulisha. Usimguse aliyenaswa kabla umeme haujazimwa. Wazuie watoto, kisha piga simu TANESCO.

*Kama unatumia insulini,* chupa ambazo hujafungua zihifadhiwe kwenye friji, na umeme ukikatika usifungue mlango ovyo. Unayoitumia sasa hukaa nje ya friji kwa wiki 4 hivi kama joto halizidi lile lililoandikwa kwenye karatasi yake. Miezi ya joto hapa kwetu huzidi, kwa hiyo iweke ndani ya chombo kikavu kilichofungwa vizuri, kisha chombo hicho kikae kwenye chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini. Usiiweke kwenye barafu, ikiganda imeharibika.

*Kama ndugu yako anatumia mashine ya oksijeni nyumbani,* kijulishe kituo chako cha afya leo, umeme ukiwa upo. Kubalianeni mapema silinda itapatikana wapi na nani atakuja na usafiri.

*Kama umempeleka mtoto kliniki ukaambiwa chanjo imehamishwa kwa sababu ya umeme,* usikasirike na usikate tamaa. Nyingi kati ya chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Muuguzi aliyekataa kumpa mtoto wako chanjo yenye mashaka amemlinda. Uliza tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye kadi, na urudi.